Kiti cha Utingo

Shemeji yangu hajawahi kukimbia maishani mwake, hata mvua ikimkuta njiani. Ndiyo maana madereva wenzake walimwita Taratibu, na jina likamganda mpaka watoto wa mtaa wakadhani ndilo alilopewa na mama yake. Ameendesha malori tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, ya saruji, ya mbolea, ya magogo, na hakuna hata moja alilopindua. Ukimuuliza siri yake atakwambia gari hupinduka kwanza kichwani mwa dereva, barabarani baadaye. Akishasema hivyo amemaliza maneno ya siku nzima. Mimi ninayeishi naye nyumba moja tangu nilipoachika nikarudi kwa dada yangu, nakuhakikishia kwamba kumtoa shemeji neno la pili ni kazi kuliko kung'oa msumari wenye kutu.

Mimi siko hivyo. Mdomo wangu hauna breki. Watu wananisema, na haki wanayo. Nashona viti vya magari, sofa na magodoro katika chumba cha mbele cha nyumba ile ile, mlango wazi kwa barabara, na kila apitaye nina neno naye. Dada yuko katikati yetu sisi wawili. Yeye alikuwa dobi wa hospitali kubwa, akifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa, na ile sakafu yenye maji imemwachia magoti yanayolia kama bawaba za mlango wa zamani. Hana makuu dada yangu. Ukimpa kiti atakaa, usipompa atasimama, wala hutajua lipi lilimpendeza.

Basi jioni moja, muda si mrefu baada ya kustaafu, shemeji akala, akasukuma sahani, akasema anataka kununua kijumba. Nikamuuliza kijumba gani tena, na hii nyumba tunayokaa ina ubaya gani? Akasema ni kile cha kupandisha mgongoni mwa pikapu, chenye kitanda, jiko na sinki, mtu akawa anakwenda na nyumba yake kama konokono. Pikapu anayo, ile yake yenye nguvu magurudumu yote manne. Anataka kwenda kuona mahali alipopita miaka yote bila kusimama. Kuna ziwa la chumvi, alisema, jeupe pee, ambalo amelijua kwa kioo cha pembeni tu. Kuna njia ya mawe inayopanda mpaka kwenye uwanda wa juu, ambako lori halifiki. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Aliitoa akiitazama sahani, kisha akanawa mikono akatoka kwenda kukagua springi.

Dada alibaki akifuta meza pale pale palipokwisha kutakata. Nikamwambia, haya dada, anza kufungasha. Hakucheka.

"Nikiulizwa nitakwenda," alisema. "Lakini mimi sijawahi kuulizwa, mdogo wangu. Mimi huwa naagwa tu."

Alisema kweli. Miaka yote shemeji alikuwa akifika, anaoga, anakula, analala kama gogo, na kabla ya jua kuchomoza yuko getini: "Haya mama, nimekwenda." Dada anasimama na kanga yake mabegani mpaka lori likate kona. Sikuwahi kumsikia analalamika, nikadhani hana la kulalamikia. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na mimi usufi naujua, naushindilia kila siku. Nikamshauri aseme basi, amwambie mzee kwamba anataka kwenda. Akakataa katakata. Akisema atakuwa ameomba, na yeye hataki kuomba, anataka kuulizwa. Kati ya hayo mawili, alisema, kuna umbali wa kutoka hapa hadi huko ziwani.

Kesho yake shemeji akaja kazini kwangu akanialika mimi. Mimi! Alisema twende yadi kutazama vijumba, nikamkagulie magodoro. Dada alikuwa uani anaanika nguo, na ile kamba ya kuanikia iko hatua chache tu kutoka dirisha langu. Aliendelea kubana vibanio kimoja kimoja. Nilikwenda, lakini kichwa changu kilikuwa kinachemka.

Kijumba cha kwanza, nisiwe mnafiki, nilikipenda. Kilikuwa na bafu, oveni, meza ya watu wanne, na godoro nene ambalo lingenipa kazi nzuri. Muuzaji alikisifu kama anaozesha binti. Shemeji alikizunguka, akalala chali chini yake, akatoka na majani kichwani, akauliza uzito. Muuzaji akamtajia. Shemeji akauliza, huo ni kikiwa kitupu au kikiwa na maji, gesi, chakula na watu? Muuzaji akatazama viatu vyake. Walipokipandisha, pikapu ikakaa matako chini na pua juu, nikamwambia shemeji kwamba usiku taa zako zitamulika nyota, barabara utaipapasa. Tena kilikuwa na mkia mrefu uliopita magurudumu ya nyuma, na shemeji akanionyesha kwa kiganja jinsi gari linapotoka korongoni mkia huo utakavyochimba ardhi kama jembe. Alishukuru, akakiacha.

Cha pili ndicho kilichomteka. Kilikuwa kifupi, chepesi, kimebana mgongo wa pikapu vizuri, na kuta zake za juu ni za turubai: ukifika unasukuma paa linanyanyuka, ukiondoka unalishusha, matawi ya miti hayakugusi na upepo haukusumbui. Kilifungwa kwa bolti nene mpaka kwenye chesisi. Mlango wake ulikuwa na mpira mzito wa kuzuia vumbi. Shemeji aliugusa ule mpira kama mtu anayegusa shavu la mtoto. Kitanda kilikuwa juu, kimetokeza mbele juu ya kichwa cha gari, na unakifikia kwa kingazi cha kukunja. Nikapanda kukagua godoro. Mimi na sketi yangu na ufupi wangu nilifika nahema, goti moja limegonga kabati. Nikamwambia, shemeji, ngazi hii ni ya mbuzi, si ya binadamu mwenye umri wake.

Akacheka. Hapo ndipo ubaya wa utani unapojulikana. Miaka yote mimi na yeye tunataniana kama shemeji wanavyotaniana, basi nikisema kweli anacheka, na nikisema uongo anacheka.

Kulikuwa na cha tatu pia, cha fundi wa kuchomelea aliye mwisho wa mtaa wetu. Sanduku la bati na mbao, halina mbwembwe, kitanda chini kabisa, unakaa kama unavyokaa kwenye kochi. Shemeji aliisifu kazi ya fundi, akapapasa kila kiungo, lakini akatikisa kichwa. Kizito, alisema. Kwa njia ya mawe kila kilo ina neno lake. Akarudi kwa muuzaji wa yadi akakubaliwa kukijaribu kile cha turubai siku chache kabla ya kuamua.

Akaanza kupakia, na hapo ningependa ungemwona. Mapipa ya maji yalikaa mbele ya ekseli ya nyuma. Jeki, koleo, kamba ya kuvutia, mbao za kutokea mchangani, mtungi wa gesi, na spea mbili. Mbili, kwa sababu zamani aliwahi kupasukiwa na tairi mara mbili safari moja mahali pasipo hata nzi, msaidizi wake akaenda kutafuta msaada, yeye akabaki peke yake na kiu yake, na toka hapo huwezi kumwambia habari ya spea moja. Dada alikuwa anampitishia vitu mlangoni. Kitanda alikitandika yeye, kwa kuniagiza nipande na kuvuta huku anasimamia chini, pembe zimekunjwa kihospitali, shuka limekazwa unaweza kudundisha sarafu. Alinipa mito miwili. Kisha akanyoosha mkono, akasema, hebu nirudishie mmoja. Nikamrudishia, na nikamtazama shemeji kwa jicho ambalo lingemtoboa kama angegeuka.

Tukaenda kupima. Dereva wa malori haamini gari mpaka limepita mizani, hiyo ndiyo dini yake, na karibu nasi kuna yadi ya mchanga na kokoto yenye mizani ya kupimia malori. Tulikwenda wote watatu tumebanana mbele. Shemeji akapandisha gari kwenye chuma, akatuteremsha tusimame pembeni, na yeye akashuka, ili apime kwanza gari na mzigo. Mama wa mizani, mwenye miwani ya kamba, akachungulia dirishani akauliza, safarini humo ndani watakaa wangapi, awaongezee uzito wao.

"Wawili," akasema shemeji. "Dereva na utingo."

Nikamtazama dada. Uso haukubadilika, ila mkono uliokuwa umeshika kanga ulishuka. Asiyejua maisha ya malori nimweleze: utingo ni yule msaidizi anayekaa kiti cha pili, anayefunga turubai, anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani. Na sote tulimjua utingo wa shemeji. Aliitwa Kabari, maana kabari ya mti haikumtoka mkononi. Alisafiri na shemeji muda mwingi kuliko dada alivyolala naye chumba kimoja. Amekula kwetu, dada amemfulia mashati. Sasa ana duka la matairi, na bado akipita anapiga honi.

Tulirudi nyumbani. Shemeji alikuwa na furaha zake kimya kimya, uzito ulikuwa umetoka vizuri. Tulipofika akaingia chini ya gari. Mimi nikamfuata dada chumbani, nikamkuta ameinama kwa shida, anavuta kifurushi kutoka chini ya kitanda. Kumbe alikuwa amefungasha. Mwenyewe, bila kumwambia mtu. Sweta, soksi nene, dawa yake ya kuchua magoti, na picha ya ziwa aliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Alikuwa anarudisha kimoja kimoja kabatini.

"Akufukuzaye hakwambii toka," alisema, akaning'iniza sweta.

Jamani, nilipandwa na hasira ambayo sijaipata tangu talaka yangu. Nilitoka na sindano bado imechomekwa kifuani, nikapiga teke soli ya kiatu kilichotokeza chini ya pikapu.

"Shemeji, toka huko."

Akatoka, amejaa grisi. Nikamwambia yote. Kwamba haoni haya. Kwamba dada yangu amesimama getini kama kufuli maisha mazima, na sasa mzee mzima amestaafu, ananunua nyumba ya magurudumu, bado anamchukua Kabari na mke anaachwa kulinda sufuria. Nilisema na mengine ambayo hayaandikiki. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Kabari ana duka lake," akasema. "Kabari anaingiaje hapa?"

"Utingo wako ni nani basi?"

"Si ni dada yako?"

Alisema hivyo kama mtu anayeambiwa aeleze kwamba maji hulowesha. Nikabaki nimeshika kiuno. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaanza kusema, akitazama gurudumu. Alisema dereva haoni gurudumu lake la nyuma. Uko kwenye mwinuko, lori limekwama, linataka kurudi nyuma na wewe, na yule anayeruka na jiwe mkononi ndiye aliyeshika roho yako. Unaweza kwenda bila redio, bila taa moja, hata breki zikiwa nusu unaweza kuomba Mungu ukafika. Bila utingo huondoki. Mtu kama huyo humuulizi kama atakuja. Unajua yupo. Tangu siku aliyosema anataka kuliona ziwa, alisema, kile kiti kilikuwa kimekwisha kuwa na mwenyewe.

Nilitaka kuendelea kukasirika nikashindwa. Mwanamume amezunguka na pendo lake garini miaka yote kama mzigo uliofungwa turubai, na mwenye mzigo hajui kilichomo.

"Wewe unajua," nikamwambia. "Yeye hajui. Kuuliza si ujinga, shemeji. Ingia ndani ukamuulize, tena usimwambie kwa lugha ya gereji."

Alikwenda kunawa kwanza, mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni. Halafu akaingia. Mimi nilisimama nyuma ya pazia, na anayetaka kunisema na aniseme. Dada alikuwa anapiga pasi. Shemeji akasimama upande wa pili wa meza, akakohoa, akahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine.

"Mama," alisema, "nataka kwenda kuliona lile ziwa. Sitaki kwenda bila wewe. Utakuja?"

Pasi ikasimama mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua.

"Kumbe unajua kuuliza," dada akasema. Akainyanyua pasi, akaisimamisha. "Nitakuja. Lakini kile kitanda sipandi, mzee. Magoti haya yamekwisha."

Shemeji alitoka nje akapita mbele yangu bila kuniona, akaingia kijumbani. Nikamsikia anafungua kile kingazi, anakikunja, anakifungua tena. Mtu aliyepima mkia, paa, bolti, mpira wa mlango na kila lita ya maji, na magoti ya mkewe anayachua kwa mkono wake kila Jumapili, hayo na kile kingazi hakuwa amevikutanisha. Alikaa humo mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi alikirudisha yadi. Aliupapasa ule mpira wa mlango mara ya mwisho. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea akachukua lile sanduku la bati lenye kitanda cha chini, akaomba liongezewe kidaraja cha chuma mlangoni na kingine upande wa kiti cha pili, vyote vya chini, vya kupanda mtu anayeinua mguu kidogo. Nikalishonea godoro jipya, gumu katikati kama anavyopenda dada. Mito ilikuwa miwili, wala hapakuwa na mjadala.

Lakini uzito ni uzito. Walipolipeleka mizani, safari hii yule mama hakuuliza wangapi, aliwaona wenyewe wamekaa. Mzigo ukazidi. Wakarudi nyumbani, shemeji akaanza kuteremsha. Meza ya kukunja ikatoka, pipa moja la maji likatoka, mbao moja ikatoka. Bado. Nilikuwa mlangoni kwangu nikamwona amesimama mbele ya zile spea mbili muda mrefu, kofia mkononi, utadhani yuko msibani. Kisha akafungua moja, akaibiringisha mpaka kizingitini pangu.

"Nitunzie hii, shemeji."

Nikamuuliza, na mkipasukiwa mara mbili?

"Tutakaa tungoje," alisema. "Safari hii nitakuwa na mtu wa kuzungumza naye."

Waliondoka siku yenye mawingu mepesi. Dada alikuwa amevaa sweta lake na viatu vya raba, amefunga kilemba kama anakwenda harusini. Shemeji akawasha gari akaliacha lingurume. Nilidhani dada atapanda. Badala yake alizunguka nyuma, akasukuma mlango wa kijumba kuhakikisha umefunga, akainama polepole, mkono mmoja kwenye bati, akatoa jiwe lililokuwa nyuma ya gurudumu, akalibeba. Kisha akapiga bodi kwa kiganja, mara mbili. Hivyo ndivyo utingo anavyomwambia dereva twende. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amemtazama Kabari akifanya hivyo pale getini miaka yote, kanga mabegani.

Shemeji alikuwa anamwangalia kwenye kioo cha pembeni, akacheka na meno yote, jambo nisilowahi kuliona kwake.

Dada alipopita karibu nami, jiwe amelibana kifuani, alinigusa shavu. "Haya mdogo wangu," akasema, "nimekwenda."

Akakanyaga kile kidaraja, akakaa kwenye kiti chake. Nikasimama getini mpaka pikapu ikakata kona, na baada ya hapo nikaendelea kusimama, maana sikujua mtu anafanya nini baadaye. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nyumba inakuwa kubwa hivi. Nililia, ndiyo, sina sababu ya kuficha. Halafu nikaingia ndani, nikaivuta ile spea karibu na mlango, nikaitandikia kipande cha godoro juu. Nashonea hapo sasa, nimekaa juu yake, mlango wazi upande wa barabara.